Injini ndogo: jinsi ya kusoma mauzo ya mwaka na mwelekeo wa soko

Mfanyabiashara anayeagiza kontena la jenereta au pampu za maji hulipa leo bidhaa atakayoiuza miezi kadhaa baadaye. Ndiyo maana hesabu za mauzo zinazotolewa kila mwaka na kampuni kubwa za injini ndogo zinamhusu hata kama kampuni zenyewe ziko Marekani na Japani. Zinaonyesha mahali bidhaa zilipojaa na mahali zilipopungua. Hata hivyo, hesabu hizo humpoteza anayetazama jumla peke yake.

Katika biashara hii, injini ndogo kwa kawaida ni injini ya petroli isiyozidi kilowati 19, yaani nguvu za farasi 25, ambayo haikufungwa kwenye gari wala pikipiki. Huendesha mashine za kukata nyasi, jenereta, pampu, mashine za kushindilia udongo na misumeno ya kukatia miti. Viwanda vingi huuza injini tupu kwa kampuni nyingine, nazo huitia kwenye mashine zenye majina yao.

Jambo la kwanza la kuangalia ni kalenda. Honda hufunga mwaka wake wa fedha tarehe 31 Machi. Generac ya Marekani hufunga mwishoni mwa Desemba. Briggs & Stratton ya Milwaukee, iliyoanzishwa mwaka 1908, ilipokuwa kwenye soko la hisa ilifunga hesabu karibu na mwisho wa Juni, msimu wa nyasi wa huko unapokuwa umeonyesha matokeo yake. Anayelinganisha "mauzo ya 2020" ya kampuni hizi tatu analinganisha vipindi vitatu tofauti, na katika mwaka kama ule wa corona tofauti ya miezi mitatu ilikuwa kubwa mno.

La pili ndilo zito zaidi: mauzo ya kiwanda si mauzo kwa mtumiaji. Injini huandikwa kuwa imeuzwa inapotoka kiwandani kwenda kwa mtengenezaji mwingine, kwa wakala au kwa mtandao wa maduka makubwa. Kama itakaa ghalani mwaka mzima, hesabu za mwaka huo hazitasema. Zitasema hesabu za mwaka unaofuata, pale wakala anapoacha kuagiza.

Historia ya Briggs & Stratton inalieleza jambo hili vizuri. Katika mwaka wa fedha 2004 mauzo yake yalikuwa kiasi cha dola bilioni 1.9, na mwaka uliofuata yakavuka bilioni 2.6. Ongezeko hilo lilitokana na vimbunga vinne vilivyoipiga Florida mwaka 2004 na kuongeza mahitaji ya jenereta, pamoja na kampuni nyingine ambazo Briggs ilizinunua. Lakini katika mwaka huo huo mmoja wa wateja wake wakubwa, kampuni ya Murray iliyotengeneza mashine za kukata nyasi, ilifilisika na kuacha deni la makumi ya mamilioni ya dola. Injini zilikuwa zimeuzwa, fedha hazikuja. Briggs iliishia kununua mali za mteja huyo mapema mwaka 2005.

Baada ya hapo mauzo yalishuka. Katika mwaka wa fedha 2019 yalikuwa dola bilioni 1.84, na hasara ilikuwa milioni 54. Sears, mtandao wa maduka uliokuwa mlango mkubwa wa mashine za nyasi nchini Marekani, ulikuwa umefilisika Oktoba 2018. Kampuni yenye mauzo ya karibu dola bilioni mbili ilishindwa na deni la hati fungani la kiasi cha milioni 195 lililotakiwa kulipwa Desemba 2020. Iliomba ulinzi wa mahakama Julai 2020, kisha ikanunuliwa na mfuko wa uwekezaji wa KPS kwa takriban dola milioni 550. Viwanda vinaendelea kufanya kazi, ila kwa kuwa hisa zake haziuzwi tena hadharani, msomaji amepoteza kipimo kimoja muhimu cha soko hili.

Kipimo kilichobaki ni Honda, ambayo huhesabu bidhaa zake za injini kwa idadi. Katika mwaka ulioishia Machi 2022 iliuza takriban milioni 6.2. Katika mwaka ulioishia Machi 2024 idadi ilikuwa takriban milioni 3.8, na mwaka uliofuata ilikuwa chini kidogo ya hapo. Sehemu kubwa ya anguko hilo ilitokea Amerika Kaskazini. Wakati wa corona watu walikaa nyumbani, wakanunua mashine za bustani, na mawakala wakajaza maghala. Baadaye walilazimika kuuza kwanza walichokuwa nacho. Honda pia iliacha kutengeneza mashine za petroli za kukata nyasi mwaka 2023, na jimbo la California limezuia injini nyingi mpya za aina hii kuanzia zile za mwaka 2024, jenereta zikipewa muda hadi 2028.

Generac, ambayo jina lake limejengwa juu ya jenereta za majumbani, ilipitia jambo hilo hilo. Mauzo yalifika dola bilioni 4.56 mwaka 2022, yakashuka hadi 4.02 mwaka 2023 kwa sababu mawakala walikuwa wamejaa, kisha yakapanda hadi 4.30 mwaka 2024, mwaka wa vimbunga vya Beryl, Helene na Milton.

Kwa Afrika Mashariki picha ni tofauti kidogo. Hapa nyasi si kitu. Injini inayotawala ni ile ya ekseli ya kulala, ya cc 163 hadi 196, yenye umbo la Honda GX iliyoanza kuuzwa miaka ya 1980. Viwanda vya China, vingi vikiwa Chongqing, hutengeneza injini za umbo hilo kwa majina mengi, na vipuri vyake vingi vinaingiliana. Kabureta inayopatikana Kariakoo huweza kufungwa kwenye pampu iliyonunuliwa Kampala. Hapo ndipo nguvu ya injini hizi ilipo sokoni, kuliko hata bei yake. Ushuru ambao Marekani iliuweka mwaka 2021 dhidi ya injini za China ulilenga zile za ekseli ya kusimama, za mashine za nyasi, hivyo haukuzigusa moja kwa moja zile zinazokuja huku.

Mahitaji yenyewe hufuata umeme na mvua. Ukame wa 2006 ulileta mgao wa umeme Tanzania na Uganda, na jenereta zikawa bidhaa ya haraka. Hali sasa imebadilika. Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 lilianza kuzalisha umeme Februari 2024, na Karuma ya megawati 600 nchini Uganda ilizinduliwa Septemba mwaka huo. Kukatika kwa umeme hakujaisha, kwani nyaya za usambazaji bado ni tatizo, lakini katizo la saa mbili huweza kubebwa na betri na kibadilisha umeme bila kununua petroli. Jenereta ndogo za dukani ndizo zinazobanwa zaidi.

Pampu zina maisha marefu kidogo. Pampu ya jua haina gharama ya mafuta, ila bei yake ya kuanzia ni kubwa na haibebwi kwa urahisi kutoka shamba moja hadi jingine, wakati ya petroli hukodishwa kwa siku. Mashine za ujenzi nazo bado hazina mshindani wa karibu. Soko la jenereta linasogea kuelekea Sudan Kusini na mashariki ya Kongo, ambako gridi haijafika sehemu nyingi, na huko muuzaji wa mpakani hukutana na swali lile lililoiumiza Briggs mwaka 2005: nani amelipa, na nani amechukua kwa mkopo.