Kwa nini usukani hukaa upande baada ya gari kuinuliwa?

Gari limetoka gereji likiwa limeinuka sentimita 5. Springi ni mpya, shokapu ni mpya, na sasa linapita juu ya mawe ambayo zamani yalikuwa yakikwaruza chasisi. Lakini kwenye lami iliyonyooka, magurudumu yanakwenda mbele na usukani umeelekea kushoto. Dereva akirudi kwa fundi, mara nyingi huambiwa dawa ni rahisi: usukani uchomolewe, urudishwe ukiwa umenyooka.

Ushauri huo usikubaliwe haraka. Usukani uliokaa upande ni dalili tu. Kasoro yenyewe iko chini ya gari, na inaweza kuwa ndogo ya kurekebishwa kwa dakika 20, au kifungo kilichokatika ambacho kinaweza kusababisha ajali.

Magari yanayozungumziwa

Katika mbuga za kaskazini mwa Tanzania na nchini Kenya, gari linaloonekana sana kwenye kazi ya watalii ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ulioanza kutengenezwa mwaka 1984. Tangu mwaka 1999 mengi ya magari hayo yana springi za mviringo mbele, huku ekseli ikibaki chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu. Land Cruiser ya mfululizo wa 80 na Land Rover Defender nazo zina mpangilio wa aina hiyo.

Rodi tatu, kazi tatu

Chini ya pua ya gari kuna rodi tatu ambazo huchanganywa sana.

Ya kwanza ni rodi ya Panhard. Upande mmoja imefungwa kwenye chasisi, upande mwingine kwenye ekseli. Kazi yake ni kuzuia ekseli isihame kwenda kushoto au kulia.

Ya pili ni tairodi, inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Hii ndiyo inayoamua kama magurudumu mawili yanatazama mbele kwa pamoja.

Ya tatu ni draglinki. Inatoka kwenye mkono wa boksi la usukani na, kwa magari mengi ya aina hii, huvuka hadi gurudumu la upande wa pili. Ndiyo inayoamua usukani ukae vipi magurudumu yanapokwenda mbele.

Kinachotokea gari likiinuliwa

Rodi ya Panhard ina urefu usiobadilika. Chasisi ikipanda, rodi inasimama zaidi, na upana inaoufunika unapungua. Chukua mfano wa rodi ya sentimita 85 ambayo ncha ya chasisi iko juu kwa sentimita 10 kuliko ncha ya ekseli. Kwa upana inafunika sentimita 84.4. Inua gari sentimita 5, na sasa inafunika 83.7. Ekseli imevutwa milimita 7 kuelekea upande ambao rodi imefungwa kwenye chasisi.

Draglinki nayo husimama zaidi kwa njia hiyo hiyo. Rodi hizi mbili zikiwa na urefu na mwinamo unaokaribiana, zinahama pamoja na usukani hupotoka kidogo tu. Zikitofautiana, tofauti hiyo huishia mikononi mwa dereva. Ndiyo maana usukani huweza kupotoka zaidi baada ya fundi kufunga rodi mpya ya Panhard na kuirudisha ekseli katikati, huku draglinki ikiachwa kama ilivyokuwa.

Na tofauti ndogo huonekana kubwa. Kama draglinki imepungukiwa milimita 5 na mkono wa boksi una sentimita 20, mkono huo utageuka nyuzi 1.4 hivi. Boksi lenye uwiano wa 17 kwa 1 huzidisha kiasi hicho, na usukani utakaa upande kwa karibu nyuzi 24.

Maswali kabla ya kushika spana

Swali la kwanza ni lini ilianza. Kama ni siku ile ile gari lilipoinuliwa, yaelekea ni vipimo vilivyobadilika. Kama ni wiki kadhaa baadaye, au baada ya kuingia shimoni, tafuta kilichopinda, kilicholegea au kilichokatika. Hapo gari lisiendelee na safari ndefu kabla ya kukaguliwa.

Swali la pili ni kama gari linavuta. Tafuta barabara tupu iliyo tambarare, maana katika nchi zinazoendesha kushoto mwinamo wa barabara wenyewe husukuma gari kushoto. Gari likienda sawa huku usukani umekaa upande, shida ni urefu wa rodi. Likivuta upande mmoja, anza na upepo wa tairi, kisha gusa rimu kwa uangalifu uone kama moja ni ya moto zaidi, dalili ya breki inayoshika. Badilishana tairi za mbele kushoto na kulia: kama gari sasa linavuta upande wa pili, kosa ni la tairi.

Swali la tatu ni kama usukani unarudi wenyewe baada ya kona. Ukikataa kurudi na gari likitangatanga, kuinuliwa kumepunguza mwinamo wa nyuma wa ekseli, ambao mafundi huuita kasta. Kurefusha draglinki hakutaponya hilo. Huhitaji bushi au vipande maalumu vya kurudisha mwinamo.

Mwisho, angalia nyuma. Pima umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, kushoto na kulia. Kwenye gari lenye springi za bapa nyuma, boliti ya katikati ya springi ikikatika, ekseli husogea, gari hutembea kama kaa, na usukani hukaa upande ingawa mbele hakuna kosa lolote.

Mpangilio wa kazi

Mtu mmoja achezeshe usukani kushoto na kulia, injini ikiwa inaunguruma na breki ya mkono imevutwa, mwingine akiangalia kila kiungo kutoka pembeni. Kiungo kinachochelewa kufuata mwendo kimechakaa. Kibadilishwe kwanza, kwa sababu kipimo kilichowekwa juu ya kiungo kibovu hakidumu.

Kisha ekseli iwekwe katikati. Teremsha uzi wenye nati kutoka kwenye chasisi, pima hadi kwenye gurudumu, linganisha pande mbili. Gari liwe chini, kwa uzito wake wote.

Baada ya hapo ni tairodi. Pima upana kati ya magurudumu, mbele ya tairi na nyuma ya tairi, kwa kimo kimoja, na ufuate kipimo cha kitabu cha gari.

Draglinki iwe ya mwisho. Irefushwe au ifupishwe kwa nusu mzunguko, gari lijaribiwe, lirudiwe hadi usukani unyooke. Ukianza na draglinki kisha ukahamisha ekseli, utairudia kazi. Hakikisha nyuzi za kutosha zimebaki ndani ya bomba lake na vibano vimekazwa. Draglinki ikichomoka, dereva hana tena gari.

Kwa nini usukani usichomolewe

Boksi la usukani limetengenezwa likaze zaidi katikati, mahali gari linapotumia muda mwingi. Usukani ukichomolewa na kunyooshwa kwa macho, boksi linabaki nje ya katikati yake. Dereva atahisi ulegevu kwenye mwendo wa kasi, na kona za upande mmoja zitakuwa fupi kuliko za upande wa pili. Kwenye magari mapya, kihisi cha usukani kitaiambia kompyuta kwamba gari linakata kona wakati linakwenda sawa, na mfumo wa kuzuia kuteleza unaweza kushika breki pasipohitajika. Usukani wenye mfuko wa hewa nao ni hatari kwa asiyejua kuufungua.

Hilux, Fortuner na Prado za sasa hazina draglinki mbele. Kila gurudumu lina tairodi yake, hivyo kipimo kamili hufanywa kwenye mashine, tairodi zote mbili zikirekebishwa kwa pamoja.

Anayepeleka gari kuinuliwa aulize mapema swali moja: je, bei hii ina kazi ya kurudisha ekseli, magurudumu na usukani katikati? Kama haina, kazi bado haijakamilika.