Hesabu ya Kiinua Mgongo

Mwanzoni mwa Novemba 1918, jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck lilipita Mbozi, likaacha ardhi ambayo leo ni mkoa wa Songwe, likashambulia kituo cha Waingereza kilichoitwa Fife, upande wa pili wa mpaka, si mbali na hapa Tunduma. Siku chache baadaye vita vilikwisha huko Ulaya. Tarehe 25 Novemba jeshi hilo liliweka silaha chini Abercorn, mji ambao sasa unaitwa Mbala. Wazungu walikuwa mia na hamsini na kitu. Askari Waafrika walizidi elfu moja, na nyuma yao kulikuwa na wapagazi, wake na watoto.

Askari hao walikuwa wanadai. Walitembea miaka minne, toka Tanga mpaka Msumbiji na kurudi, na sehemu kubwa ya mwisho wa safari ile hawakuona mshahara. Abercorn hawakulipwa pia. Walipewa vyeti vya kusema kwamba wanadai.

Ninaanzia hapo kwa sababu katika ukoo wetu neno "kiinua mgongo" limetajwa zaidi ya neno lolote la serikali, na nilitaka kujua deni la kwanza la mtu aliyevaa sare katika kona hii ya nchi lilikuwaje. Lilikuwa karatasi.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu karatasi hizo. Mwaka 1964, mwaka aliokufa Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa askari waliokuwa bado hai. Inasemekana mtu wa benki alifika Mwanza, wakajitokeza wazee wapatao 350. Wachache tu walikuwa na vyeti. Wengine walileta vipande vya sare. Yule wa benki akampa kila mzee ufagio, akaamuru kwa Kijerumani gwaride la bunduki, na hakuna hata mmoja aliyekosea. Kisa kitamu, na kwa utamu wake huo mimi nakishuku. Kinamfanya mdaiwa aonekane mwungwana, na kinawafanya wadai wawe wazee wa kuchekesha wenye fagio mabegani. Hakielezi walioishi na kufa katika miaka 46 ya katikati walikula nini.

Waingereza nao walikuwa na njia yao. Wapagazi wa jeshi lao, wale wa "Carrier Corps" walioachia Dar es Salaam na Nairobi jina la Kariakoo, walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Mishahara ya waliokufa bila ndugu zao kupatikana ilibaki serikalini. Vita vya pili vilipokwisha mwaka 1945, askari wa King's African Rifles waliorudi kutoka Burma walipewa bakshishi ya kuagwa iliyopangwa kwa cheo, kwa miezi ya utumishi, na kwa rangi. Mweusi alipata takriban theluthi ya alichopata mweupe wa cheo hichohicho. Hakuna aliyeficha kanuni hiyo wakati ule. Ilikuwa imeandikwa kwenye jedwali, na karani aliisoma kama anavyosoma bei ya sukari.

Ndiyo maana asubuhi ya tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles walipoasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, madai yao yalikuwa mawili na yote yalikuwa ya zamani: maofisa Waingereza waondoke, na mshahara upande. Askari wa chini alikuwa anapata kama shilingi 105 kwa mwezi. Walitaka 260. Uasi ukafika Tabora, ukafika Nachingwea, na tarehe 25 makomando wa Kiingereza wakateremka kutoka kwenye meli wakauzima, kwa ombi la Mwalimu Nyerere mwenyewe, jambo lililomwuma kwa miaka mingi.

Vijana wa umri wangu husoma tukio hili kama habari ya mapinduzi yaliyoshindwa. Mimi naona la muhimu ni kilichofuata. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa kwa mamia, shirikisho lao likavunjwa, kikaundwa chama kimoja cha wafanyakazi kilichofungamana na serikali. Jeshi likavunjwa pia, na Septemba 1964 ikazaliwa JWTZ, jeshi la wananchi. Kuanzia hapo mwenye sare hakuwa na mahali pa kusemea mshahara wake. Katiba yetu ya leo, Ibara ya 147, inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, na katika ibara hiyo "mwanajeshi" ni pamoja na polisi na askari magereza. Chama cha wafanyakazi nacho hana. Mwalimu ana chama na nesi ana chama. Askari ana afande wake.

Kwa hiyo mjomba wangu, ambaye ni polisi na bado hajastaafu, sitamtaja jina wala kituo. Maoni yake juu ya kikokotoo huyatoa nyumbani, mlango ukiwa umefungwa, kwa kalamu nyekundu kwenye daftari la shule.

Kwa wasioufahamu mkasa huu, nitaueleza kwa kifupi kadiri unavyoruhusu. Hadi mwaka 1999 mtumishi wa serikali kuu hakuchangia pensheni. Ililipwa na Hazina. Ulipoanzishwa mfuko wa PSPF, watumishi wakaanza kukatwa asilimia 5, mwajiri akiongeza 15, na polisi wakaingia humo. JWTZ haikuingia, pensheni ya mwanajeshi iliendelea kutoka Hazina. Tatizo ni kwamba mfuko ulirithi pia miaka ya utumishi ya kabla ya 1999, ambayo hakuna aliyekuwa ameichangia. Wastaafu walilipwa kwa fedha za waliokuwa bado kazini, na deni la serikali likakua mpaka mwaka 2021 ilipotoa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 kupunguza pengo. Mwaka 2018 mifuko minne iliunganishwa kuwa PSSSF, na kanuni mpya ikaja.

Hapo ndipo daftari la mjomba linapoanza. Tuchukulie askari mwenye mshahara wa 900,000 aliyetumikia miaka 30, yaani miezi 360. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF unagawa miezi hiyo kwa 540, unazidisha kwa mshahara wa mwaka, unapata 7,200,000. Nusu yake unazidisha kwa 15.5: mkupuo ni 55,800,000. Nusu nyingine unagawa kwa miezi 12: pensheni ni 300,000 kila mwezi.

Kanuni ya 2018 iligawa kwa 580, ikazidisha kwa 12.5, na mkupuo ukawa asilimia 25. Askari yuleyule angepata 20,948,000 na pensheni ya karibu 419,000. Nchi nzima ilipiga kelele, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli alisitisha kanuni hiyo. Julai 2022 ikaja asilimia 33: mkupuo 27,650,000, pensheni 374,000. Kwenye bajeti ya Juni 2024 serikali ikatangaza asilimia 40 kwa waliokuwa kwenye kundi la nusu: mkupuo 33,517,000, pensheni 335,000. (Nimezungusha senti, na nimeuacha mshahara uleule ingawa kanuni mpya hutumia wastani wa miaka mitatu bora.)

Mabishano mengi redioni yalikuwa juu ya asilimia. 25, 33, 40, kama matokeo ya mpira. Mjomba ndiye aliyenionyesha kwamba asilimia si penye jeraha. Ukitoka 33 kwenda 40, kwa askari huyu, unapewa milioni 5.87 mkononi na unapoteza 39,000 kila mwezi. Baada ya miaka 12 na nusu mmetoka sare. Huo ni mkopo kutoka kwako kwenda kwako. Kilichopungua bila kurudishwa ni zile namba mbili ambazo hazikutajwa sana kwenye maandamano ya maneno: 540 iliyogeuka 580, na 15.5 iliyogeuka 12.5. Ya kwanza peke yake inakata karibu asilimia 7 ya kila kitu. Hata kwa asilimia 40, ukitaka pensheni kubwa ya sasa ifidie mkupuo uliopotea, hesabu inatoka karibu miaka 53. Mjomba aliizungushia duara miaka hiyo, hakuandika neno.

Serikali ina hoja yake, na si hoja ya kijinga. Mfuko uliotoa 15.5 ulikuwa unaelekea kukauka, na pensheni isiyolipwa ni mbaya kuliko pensheni ndogo. Wapo pia askari wanaoikubali. Jirani yetu mmoja, sajini mstaafu wa JWTZ aliyepigana Vita vya Kagera, husema mkupuo ni adui aliyevaa kiraia. Ameona wenzake wakija Tunduma na fedha za kustaafu, wakanunua Fuso la pili-mkono ili wasafirishe mahindi, na kabla ya mwaka Fuso liko juu ya mawe. Mji wetu una njaa ya mikupuo. Kila mwenye fremu, kiwanja au mchongo wa kuvusha mzigo Nakonde anajua mwezi ambao mtu fulani anastaafu.

Lakini sajini anasema hayo akiwa na pensheni ya Hazina, ambayo kikokotoo hakikuigusa. Mjomba hukumbusha hilo kwa adabu: "Shikamoo mzee, lakini wewe uko upande wa pili wa mto." Sajini hucheka. Kisha hujibu kwamba kijana wa mgambo aliyekuwa naye kuelekea Kampala mwaka 1979 alirudi kijijini bila pensheni yoyote, kwa kuwa pensheni huhesabu miaka na vita haikuchukua miaka. Wakifika hapo huwa wananyamaza wote wawili.

Nilimwuliza mjomba kwa nini mkupuo una uzito kiasi hicho kwake, yeye asiye na ndoto ya Fuso. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. Polisi huishi kota. Amehamishwa vituo sita katika mikoa minne, na kila mahali alipewa vyumba viwili vya serikali na ukuta wa kijivu. Mwalimu aliyekaa kijiji kimoja miaka ishirini alishajenga kidogokidogo, tofali baada ya tofali. Polisi siku anayokabidhi sare anakabidhi na ufunguo. Anahitaji paa siku hiyohiyo, na paa haliezekwi kwa 335,000 za kila mwezi. Hilo sikulisikia likisemwa redioni mwaka 2018, kwa sababu waliokuwa na ruhusa ya kusema hawakuwa wanaishi kota.

Ana kiwanja Mpemba. Katika daftari, mwaka 2017, alichora nyumba ya vyumba vinne, sebule na stoo ya mahindi. Ukurasa wa Desemba 2018 una vyumba viwili, na wiki iliyofuata, baada ya tangazo la Rais, vinne vikarudi kwa wino mwingine. Mwaka 2022 kuna vyumba vitatu, stoo imefutwa. Ukurasa wa Juni 2024 una stoo tena, ndogo, imechorwa kwa penseli. Amebakiza miaka miwili. Msingi ameshachimba kwa ramani ya vyumba vinne, na mwezi uliopita aliniomba nimtafutie fundi wa kumwambia kama inawezekana kuinua kuta za vyumba vitatu juu ya msingi huo bila nyumba kupata ufa.