Hati, Mkono na Shule

Mwalimu wa Kigali anayetaka kuunda chama cha wanafunzi cha kujifunza hati ya Kijapani na uchoraji wa wino hana budi kujiuliza kwanza: sanaa hiyo imesalimika vipi hata leo? Jibu limo katika historia ya shule.

Wajapani walipokea herufi zao kutoka China kwa njia ya Korea. Na katika karne ya 9 walikwisha kulainisha baadhi yake wakapata kana, herufi za silabi. Vyombo vya kazi ni vinne: brashi, wino mkavu wa masizi na gundi, jiwe la kuusugulia kwa maji, na karatasi. Vyombo hivyo hivyo ndivyo vya mchoraji. Sesshu, mtawa wa Zen aliyezaliwa mwaka 1420, alisafiri hadi China kujiongezea ujuzi huo. Katika sanaa zote mbili mpigo wa brashi haufutwi wala haurudiwi.

Baada ya vita, mwaka 1947, brashi iliondolewa katika masomo ya shule za msingi. Mwaka 1951 iliruhusiwa tena, na tangu 1971 ni somo la lazima kuanzia darasa la tatu. Vyama vya hati vikastawi katika shule za sekondari, na mwaka 2008 mji wa Shikokuchuo, unaosifika kwa karatasi, ulianzisha mashindano yao.

Kiswahili nacho kilikuwa na hati yake. Barua za mwaka 1711 zilizohifadhiwa Goa ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Neno kalamu lenyewe asili yake ni utete wa kuandikia. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchonga milango na bingwa wa hati; tenzi alizomnakilia Alice Werner zimo London. Lakini shule za serikali, za Wajerumani na kisha za Waingereza, zilishika herufi za Kilatini, na hati ile ikabaki vyuoni na majumbani. Sisi hatukupata 1951 yetu.

Kigali, mji ulioasisiwa na Richard Kandt mwaka 1907, ulipokea Kiswahili kwa vinywa vya askari na wafanyabiashara, na mtaa wa Nyamirambo ukakitunza. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilikifanya lugha rasmi. Mwanafunzi wa hapa, basi, amerithi lugha bila hati yake ya kale.

Kwa hiyo chama cha brashi kisidharauliwe kuwa mchezo wa kigeni. Katika nchi hii ya milima, wanafunzi waanze na herufi ya Kijapani ya mlima, yenye mipigo mitatu tu. Juma lifuatalo mwalimu awape kalamu ya utete, waandike neno hilo hilo, mlima, kwa herufi alizotumia Kijuma. Hapo watajua kwamba lugha wanayosoma nayo iliwahi kuwa na mabingwa wa hati, na kwamba kilichokosekana ni darasa la kuirithisha.