Heshima ya Mtu Aliyesingiziwa: Siku za Mwisho za Askofu Mkuu Janani Luwum

Mtu aliyesingiziwa hujikuta ana kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni kuonyesha kwamba hakulitenda lile analotuhumiwa. Ya pili, iliyo ngumu kupita ya kwanza, ni kubaki mtu yule yule aliyekuwa kabla hajasingiziwa. Wengi huiweza ile ya kwanza ikawashinda ya pili: hutoka mbele ya hakimu wakiwa huru, lakini wamekwisha kujifunza kutukana, kuchongea, na kumtazama kila jirani kwa jicho la shaka. Wapo pia wachache ambao kazi ya kwanza hawakuruhusiwa hata kuianza, kwa kuwa hawakupewa hakimu wala mahakama, na hata hivyo ile ya pili waliitimiza. Nia ya insha hii ni kueleza habari za mmoja wa wachache hao, Janani Luwum, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Kianglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, na aliyeuawa mjini Kampala mwezi wa Februari mwaka wa 1977.

Kabla ya kuifikia habari yenyewe, yafaa liondolewe kosa moja lililoenea. Wakristo wengi hudhani kwamba dini yao humwamuru aliyesingiziwa anyamaze, na ushahidi wao ni Kristo mbele ya Herode, ambaye hakumjibu mfalme yule hata neno moja. Ni kweli hakumjibu. Lakini usiku uliotangulia, alipopigwa kofi mbele ya kuhani, alimtaka aliyempiga aonyeshe ubaya wa maneno yaliyosemwa, na kama hakuna ubaya, aeleze sababu ya kofi. Paulo naye alipigwa viboko huko Filipi bila ya kuhukumiwa, naye ni raia wa Rumi. Asubuhi mahakimu walipotaka aende zake kimya kimya, alikataa katakata, akadai waje wao wenyewe kumtoa gerezani. Kwa hiyo anayetafuta katika Maandiko amri ya kunyamaza ataipata nusu yake tu. Mahali pengine mwenye haki husema, mahali pengine hanyamazi ila kwa sababu anayemwuliza hataki jibu. Luwum, kama tutakavyoona, alisema kwa muda wote ambao palikuwa na mtu wa kusikia.

Alizaliwa mwaka wa 1922 huko Mucwini, katika nchi ya Waacholi, kaskazini ya Uganda. Utotoni alichunga mifugo ya wazazi wake, akachelewa kuanza shule, kisha akawa mwalimu. Mwezi wa Januari 1948 aliingia katika uamsho ule ulioenea Afrika ya Mashariki, ambao wafuasi wake huko Uganda huitwa Balokole, yaani watu waliookoka. Anayetaka kuuelewa mwenendo wake wa baadaye asiipite habari hii upesi. Miongoni mwa Balokole ilikuwa desturi mtu kuungama makosa yake hadharani, mbele ya ndugu, kwa kuyataja. Mtu aliyezoea kuyataja makosa yake ya kweli mbele ya watu ana nguvu ya pekee anapotajiwa makosa ya uongo: anajua tofauti baina ya haya mawili, wala hatishwi na macho ya watu. Kwa maoni yangu shule hii ilimfaa Luwum kuliko masomo yote ya elimu ya dini aliyoyapata Buwalasi, na hata Uingereza.

Alifanywa padri mwaka wa 1956. Mwaka wa 1969 aliwekwa kuwa Askofu wa Uganda ya Kaskazini, katika ibada iliyofanywa uwanjani, na miongoni mwa waliohudhuria walikuwapo Milton Obote, aliyekuwa akitawala nchi, na Idi Amin, aliyekuwa mkuu wa jeshi. Historia hupenda kuwakutanisha watu mapema namna hii, kabla wenyewe hawajajua watakuwa nini baina yao. Mwezi wa Januari 1971 Amin aliipindua serikali ya Obote. Mwaka wa 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa na askari kutoka Mahakama Kuu yenyewe, asirudi tena. Na tangu siku hiyo kila mtu katika Uganda aliweza kujua mwenyewe thamani ya kushitakiwa na ya kujitetea. Waacholi na Walango, makabila yaliyokuwa na askari wengi katika jeshi la Obote, ndio waliopatwa na mauaji makubwa zaidi. Luwum alikuwa Mwacholi. Alipofanywa Askofu Mkuu mwaka wa 1974, alijikuta ana kiti cha juu na kabila lililokwisha kutiwa alama.

Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Aliwaendea wakubwa mara kwa mara kuwaombea waliokamatwa, hata wapo waliomlaumu kwamba yuko karibu mno na watawala. Lawama hiyo nayo ilikuwa tuhuma, na ilitoka upande wa pili. Lakini aliendelea kwenda, kwa kuwa waliopotelewa na watoto wao hawakuwa na mwingine wa kumtuma.

Usiku wa tarehe 5 Februari 1977, yapata saa saba na nusu, askari wenye silaha waliizunguka nyumba yake Namirembe. Walikuja na mtu aliyejulikana na Askofu, wamekwisha kumtesa, wakamtumia kama chambo ili mlango ufunguliwe. Luwum aliposikia sauti anayoifahamu alifungua, na mara mtutu wa bunduki ukawekwa tumboni mwake, akatakiwa aonyeshe zilipo silaha. Ilisemekana ameficha silaha zilizotumwa na Obote ili serikali ipinduliwe. Nyumba ilipekuliwa chumba kwa chumba, na kanisa dogo la nyumbani likapekuliwa, na ghala ya chakula pia. Hakikupatikana kitu. Usiku ule ule nyumba ya Askofu Yona Okoth huko Tororo nayo ilipekuliwa.

Hapa msomaji atauliza: je, hapakuwa na njama yoyote? Mwandishi wa historia hana haki ya kulikwepa swali hilo. Kwamba katika Uganda ya mwaka ule walikuwapo watu waliotamani kumwondoa Amin, na hata waliojaribu, si jambo la kushangaza. Lakini kuwapo kwa njama ni habari moja, na kuwamo kwa mtu fulani katika njama ni habari nyingine, na baina ya habari hizi mbili ndipo panapohitajika hakimu, shahidi na ushahidi. Nyumba ilipekuliwa ikaonekana ni tupu, Askofu alikana, na aliyemshitaki hakuthubutu kuipeleka kesi mahali ambapo ingeweza kupimwa.

Luwum alifanya nini? Kwanza aliandika. Alieleza mambo ya usiku ule kwa utaratibu, nani aliingia na nini kilipekuliwa, bila ya kuyakuza. Maaskofu wenzake walikutana, nao wakamwandikia Rais barua waliyoitia saini, wakalalamikia mauaji na jinsi watu wa usalama walivyojifanyia wapendavyo, na wakasema kwamba bunduki iliyoelekezwa kwa Askofu Mkuu imeelekezwa kwa kila Mkristo wa nchi. Barua ile ina adabu kutoka mwanzo hata mwisho. Rais ameitwa kwa cheo chake. Hakuna tusi, wala hakuna neno la kubembeleza. Nadhani si rahisi kuandika hivyo siku chache baada ya kuwekewa bunduki tumboni. Mwenye hasira angeandika zaidi, na mwenye hofu asingeandika kabisa.

Tarehe 14 Februari Luwum aliitwa Entebbe, akaenda pamoja na mkewe, Mary. Amin alimkaribisha chai, kisha akamkabili na tuhuma zile zile. Luwum akakana tena.

Siku mbili baadaye, yaani Jumatano tarehe 16, maaskofu, viongozi wa dini nyingine, mabalozi, wakubwa wa serikali na askari wengi waliitwa kwenye hoteli ya Nile Mansions mjini Kampala. Silaha zilikuwa zimepangwa nje kwa maonyesho, watu waliokamatwa wakasomeshwa maungamo marefu, na katika maungamo hayo jina la Askofu Mkuu likatajwa.

Aliyezoea kusoma Biblia atakuwa amekwisha kuikumbuka habari ya Nabothi. Malkia Yezebeli alipolitaka shamba lake la mizabibu kwa ajili ya mumewe, hakutuma mwuaji usiku. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri, akaamuru ipigwe mbiu ya kufunga, Nabothi aketishwe mbele ya watu, na mashahidi wawili wa uongo wamkabili. Mwenye nguvu nyingi mara nyingi hutamani kitu kimoja ambacho nguvu haiwezi kumpa, nacho ni sura ya haki. Ndiyo maana alihitaji funga, na muhuri, na umati. Na ndiyo maana katika Kampala zilihitajika silaha zilizopangwa, na karatasi za kusomwa, na mabalozi wa kutazama. Mtu aliyesingiziwa huletwa mbele ya umati si ili ahojiwe, bali ili aonekane. Na kwa kuwa anaonekana, jinsi anavyosimama huwa ndiyo jibu lake la pekee.

Makamu wa Rais aliwauliza askari wafanyiwe nini watu hawa, na askari wakapaza sauti wauawe. Yafaa sisi tunaokipenda Kiswahili tukumbuke kwamba hicho ndicho kilichokuwa lugha ya jeshi lile, na kwamba kwa amri ya mwaka wa 1973 kilikuwa kimefanywa lugha ya taifa la Uganda. Lugha haina hatia. Lakini haidhuru kujua imewahi kutumikia nini.

Askofu Festo Kivengere, aliyekuwa karibu na Luwum, alisimulia baadaye kwamba jina la Askofu Mkuu liliposomwa, Luwum alitikisa kichwa kukana. Hakupiga ukelele wala hakuinua mkono. Alimnong'oneza Kivengere kwamba watu hawa watamwua, naye haogopi. Katika habari yote hii hakuna jambo ninalolirudia mawazoni kama kichwa kile kilichotikiswa. Alikuwa amekwisha kusema kwa kinywa, kwa barua, na uso kwa uso mezani. Kusema zaidi mbele ya umati ule kungekuwa ni kuingia katika mchezo uliotungwa na wengine. Kunyamaza kabisa, hata kichwa kisitikisike, kungeweza kuhesabiwa kuwa ni kukubali. Akakana kwa kiasi kile kile kilichobaki kuwezekana.

Mkutano ulipokwisha wengine waliruhusiwa kwenda zao, lakini Askofu Mkuu aliambiwa Rais anataka kumwona. Wenzake hawakuruhusiwa kuingia naye. Kivengere na wenziwe walingoja nje hata walipofukuzwa na askari, wakarudi kwa Mary bila ya mumewe.

Asubuhi ya tarehe 17 Radio Uganda ilitangaza kwamba Askofu Mkuu amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, waliokuwa wamekamatwa siku ile ile. Ilielezwa kwamba walijaribu kumshinda nguvu dereva aliyekuwa akiwapeleka kuhojiwa. Yaani hata maiti walisingiziwa. Mwili wa Luwum ulipelekwa kwa siri hata Mucwini ndani ya jeneza lililofungwa, lakini watu wa nyumbani walilifungua, wakayaona matundu ya risasi. Tuhuma ilitangazwa kwa redio, kwa magazeti na mbele ya mabalozi. Jibu lilitolewa na wanakijiji wachache waliofungua kifuniko cha mbao.

Kivengere alikimbilia nchi za nje na mkewe, na mwaka ule ule akatoa kitabu kidogo chenye jina lililowashangaza wengi, kwani maana yake ni kwamba anampenda Idi Amin. Wapo waliokikasirikia, nami nawaelewa. Kusamehe upesi huweza kuonekana kama kuwasahau waliouawa. Lakini kitabu chenyewe hakisahau, bali kinawataja. Aliyekiandika alikuwa amesimama karibu na Luwum siku ile uwanjani, na yamkini aliona jambo ambalo sisi tunaosoma hatukuliona, kwamba chuki nayo ilikuwa mojawapo ya mambo waliyotakiwa kuyakubali.

Hukumu ya kumsafisha Luwum haikutolewa na mahakama yoyote, kwa kuwa hapakuwa na kesi. Amin alikimbia Kampala mwezi wa Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalipouingia mji, akafia ugenini, Saudia, mwaka wa 2003. Sanamu ya Luwum iliwekwa mwaka wa 1998 juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey mjini London, pamoja na za mashahidi wengine wa imani wa karne ya 20, na tangu mwaka wa 2015 tarehe 16 Februari ni siku ya mapumziko katika Uganda.

Lakini katika siku zile za mwanzo palikuwa na shimo tu. Kaburi lilikuwa limechimbwa Namirembe, karibu na lile la Askofu Hannington aliyeuawa mwaka wa 1885, na serikali ikakataa kuutoa mwili. Jumapili ya tarehe 20 Februari watu walikuja kwa wingi hata hivyo, ingawa walijua wanatazamwa. Baada ya ibada walitoka wakalizunguka kaburi lile tupu, na Erica Sabiti, Askofu Mkuu mzee aliyekwisha kustaafu, akawakumbusha yale ambayo malaika aliwaambia wanawake waliokwenda kaburini alfajiri ya Pasaka. Watu wakaanza kuimba, wala hawakuondoka upesi.