Mstari wa Mauti

Mwaka huu naandika tasnifu ya uzamili, na hakuna neno la Kiingereza ninalolisikia kila siku kama deadline. Chuoni tunalitamka "dedilaini", nalo lina maana ya siku ya mwisho ya kuwasilisha kazi. Ukilichambua unapata maneno mawili: dead, yaani mfu, na line, mstari. Unaweza kudhani ni chumvi tu ya maofisini. La hasha. Mstari huo ulikuwapo, na waliouvuka walikufa.

Februari 1864, Wamarekani wakipigana wenyewe kwa wenyewe, majimbo ya Kusini yalifungua kambi ya mateka huko Andersonville, jimboni Georgia. Ndani ya ua wa magogo, hatua chache kutoka ukutani, palikuwa na uzio mfupi wa mbao. Huo ndio ulioitwa dead line. Mateka aliyeuvuka alipigwa risasi na walinzi waliokaa kwenye vibanda juu ya ukuta. Kijito kilichopita kambini kilijaa uchafu, na baadhi ya waliouawa walikuwa wamenyoosha mkono tu, ng'ambo ya mbao, wachote maji yaliyo safi kidogo. Kati ya mateka wapatao 45,000 waliopitia kambi hiyo, karibu 13,000 walifia humo, wengi kwa maradhi na njaa.

Vita vilipokwisha, msimamizi wa kambi, Henry Wirz, alishtakiwa, na mstari huo ukatajwa katika mashtaka. Alinyongwa tarehe 10 Novemba 1865.

Neno halikufa naye. Wapiga chapa walilitumia kwa alama kwenye mtambo ambayo maandishi yakiipita hayachapiki. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanahabari wa Marekani wakalifanya saa ya mwisho ya kupokea habari. Mpaka wa mahali ukawa mpaka wa wakati.

Kiswahili kina makataa, neno lenye mzizi wa kukata, kama tunavyokata shauri. Halina damu ndani yake. Hata hivyo, muhula uliopita mwenzetu mmoja alichelewesha pendekezo lake la utafiti kwa siku mbili, akiwa msibani, akaambiwa arudie muhula mzima. Hakuna aliyemuuliza kilichomchelewesha. Walinzi wa Andersonville nao hawakuuliza ni nani mwenye kiu.