Daftari lisilofutika: uzi kutoka Elwak kuhusu rekodi za wagonjwa

Mjadala umerudi: rekodi za hospitali ziwekwe kwenye blokicheni, eti huko hakuna wa kuzichezea. Sitaji chama wala mtu. Nataka turudi nyuma kidogo, kwa sababu sisi wa kaskazini mashariki tunalijua daftari lisilofutika.

Blokicheni ni daftari lenye nakala kwenye kompyuta nyingi. Kila ukurasa umefungwa kwa muhuri wa ule uliotangulia, kwa hivyo ukigusa cha juzi nakala zingine zinakuumbua. Kwa kuzuia kughushi, ni kitu kizuri. Lakini kilichoandikwa kimakosa nacho kinakaa humo humo.

Sasa historia. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walisailiwa upya, waliopita wakapewa kadi ya waridi: kitambulisho juu ya kitambulisho. Kambi za Dadaab zikafunguliwa 1991. Ukame ulipouma, Wakenya wengi wa huku walijiandikisha kama wakimbizi wapate chakula na matibabu. Wengine walikuwa watoto, wameshikwa mkono na mama. Nani angewaza kesho? Walipotimiza miaka 18 wakaomba kitambulisho, alama za vidole zikasema: mkimbizi. Bila kitambulisho huna kazi, huna laini ya simu kwa jina lako, na kila kizuizi cha barabarani ni kesi. Mashirika ya haki yalikadiria waliokwama ni kama 40,000. Mahakama Kuu ya Garissa iliwapa haki Januari 2025. Hesabu mwenyewe miaka. Na hilo lilikuwa daftari la kawaida, ambalo mtu mwenye idhini angeweza kulirekebisha.

Kwenye afya nako kuna kisa. Februari 2015 ilitoka amri ya kukusanya taarifa za wanafunzi wanaoishi na virusi vya Ukimwi, majina yakiwemo. Shirika la KELIN na wenzake wakaenda kortini, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema faragha imevunjwa. Majina yageuzwe kuwa kodi. Sawa, Nairobi kodi inaficha. Hapa Elwak andika tu "msichana, miaka 17, dawa za TB, Jumanne" uone kama kuna anayehitaji jina.

Ndiyo maana wanaoijua kazi hii hawaweki faili lenyewe kwenye mnyororo. Faili linabaki hospitalini, limefungwa kwa ufunguo. Kwenye mnyororo unaenda muhuri tu, na kumbukumbu ya nani alilifungua na lini. Hiyo naiunga mkono kabisa, maana mgonjwa wa hapa hana njia ya kujua nani alichungulia faili lake. Na faili likikosewa linasahihishwa, kama Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inavyotupa haki.

Kwa hivyo mgombea akija barazani na neno blokicheni, muulize faili linakaa wapi. Halafu muulize habari ya ufunguo. Ayeeyo wangu hana simu janja. Wake atashika nani: nesi, chifu, ama mimi mjukuu? Hilo bado sijasikia likijibiwa.