Mafunzo ya wachukuaji damu California

Hadi katikati ya karne ya 20, kuchukua damu ya vipimo katika hospitali za Marekani ilikuwa kazi ya madaktari, wauguzi na wataalamu wa maabara wenyewe. Mabomba ya kioo yalichemshwa yakatumika tena, na sindano ikibutuka ilinolewa. Mgeni wa kazi alijifunza kwa kumtazama mwenzake, kisha akajaribu.

Mwaka 1949 Joseph Kleiner alipata hataza ya tyubu iliyotolewa hewa, ambayo huvuta damu yenyewe sindano ikishaingia mshipani. Mkono ulipata nafuu, ila kichwa kikaongezewa kazi, kwa kuwa tyubu hizo zilikuja kutiwa dawa tofauti. Yenye kifuniko cha buluu ina sitrati, ya kupima kuganda kwa damu. Ya zambarau mara nyingi ina EDTA yenye potasiamu, ya kuhesabu chembe za damu. Chembe ya dawa hiyo ya zambarau ikihamia kwenye tyubu ya vipimo vya kemia, potasiamu husomeka juu na kalisi chini, na mgonjwa huweza kutibiwa ugonjwa asio nao. Ndiyo maana buluu hutangulia na zambarau hungoja karibu na mwisho. Hili halionekani kwa kutazama tu, lazima lifundishwe.

UKIMWI uliongeza somo la pili. Kuanzia mwaka 1987 wahudumu walielekezwa kuhesabu damu ya kila mgonjwa kuwa yaweza kuambukiza, na kanuni za mwaka 1991 zikawalazimu waajiri kutoa glavu, chanjo ya homa ya ini B na mafunzo ya kila mwaka.

Hata hivyo, kuingia katika kazi kuliendelea kuwa rahisi mno, na ilibidi wagonjwa watiwe hatarini ndipo sheria itungwe. Mwaka 1999 ilifichuka kwamba mchukuaji damu mmoja mjini Palo Alto alikuwa akitumia tena sindano. Mwaka huohuo California ikapitisha sheria ya vyeti, na kanuni zake zikaanza kutumika mwaka 2003. Asiye na uzoefu husoma darasani saa 40, hufanya mazoezi saa 40 kwa wagonjwa halisi, akichoma mshipa angalau mara 50 na ngozi, kama ya ncha ya kidole, mara 10, kisha hufanya mtihani wa taifa. Louisiana, Nevada na Washington nazo zina masharti yao. Katika majimbo mengi mengine mwajiri ndiye huamua.